Kipimo cha Nguvu za Miguu

Msomaji, ukisafiri kutoka Nairobi kwenda Thika utapita Ruiru, nchi ya mibuni. Reli ilifika Thika mwaka 1913, na katika mashamba ya pande hizo watu wengi wamechuma kahawa na kukata mkonge. Mchumaji hupeleka buni zake mizanini, naye ajua kwamba mizani iliyopotoka hula jasho la mtu bila kelele. Nakuomba ufikiri juu ya mizani nyingine: ile ya kupimia nguvu za miguu ya mchumaji huyo akiisha kuwa mzee.

Kwa nini tuzipime? Misuli ya mapaja hupungua pole pole kadiri umri unavyosonga, wala mzee haoni kilichopungua mpaka siku anaposhindwa kuinuka kitini, au anapoanguka na kuvunjika nyonga. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Nguvu nazo ni mali, na daftari lake ni kipimo.

Kipimo hicho kimetafutwa tangu zamani. Mwaka 1798 Mfaransa Edmé Régnier alieleza chombo chake cha springi, kilichoonyesha kwa mshale nguvu za mikono na za mgongo. Lakini ni polio iliyowalazimisha waganga kuiangalia miguu kwa makini. Mwaka 1912 Wilhelmine Wright, aliyefanya kazi na daktari Robert Lovett mjini Boston, alichapisha njia ya kupima misuli ya watoto waliopooza. Mwaka 1943 Waingereza wakatoa daraja za 0 hadi 5: kwenye 0 msuli hautikisiki, kwenye 3 mguu waweza kuuinua uzito wake wenyewe, kwenye 5 unaushinda mkono wa mpimaji. Thika nayo ina sehemu katika habari hii, kwani huko Jeshi la Wokovu lilianzisha mwaka 1962 shule ya Joytown kwa watoto wenye ulemavu wa viungo, wakati polio ilipokuwa ingali ikilemaza wengi.

Kwa mtoto aliyepooza njia hiyo yafaa. Kwa mzee haitoshi. Paja huwa na nguvu kuliko mkono, basi mzee aliyekwisha kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake aweza kupewa 5. Tena mpimaji dhaifu na mpimaji shupavu hawapati jibu moja. Hapo kilichopimwa ni mkono wa mpimaji, si mguu wa mzee. Mwaka 1967 Hislop na Perrine, huko Marekani, walieleza mazoezi ya mashine inayouruhusu mguu kwenda kwa mwendo mmoja tu. Mashine za namna hiyo hupima vizuri, lakini ni ghali.

Msaada ulitoka kwenye kiti. Mwaka 1985 Csuka na McCarty walihesabu muda wa kuinuka mara 10; mwaka 1994 Guralnik na wenzake wakatumia mara 5; mwaka 1999 Jones, Rikli na Beam wakahesabu mara ngapi mtu huinuka kwa sekunde 30. Wataalamu wa Ulaya waliandika mwaka 2019 kwamba kuinuka mara 5 kwa zaidi ya sekunde 15 ni dalili ya udhaifu.

Lakini kiti nacho chaweza kudanganya. Kiti kirefu humpa mzee nguvu asizo nazo, na kifupi humnyang'anya alizo nazo. Kwa hiyo kiti kiwe kile kile, kigumu, kimeegemezwa ukutani. Mikono ikunjwe kifuani. Maagizo yawe yale yale. Mzee ajaribu kwanza, na mtu asimame karibu asije akaanguka. Akipimwa tena baada ya siku chache, naye hakuugua wala hakuumia, jibu lisitofautiane sana. Likitofautiana, usimlaumu mzee, kichunguze kipimo.

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha Wakenya wapatao milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Kiti, saa na daftari havikosekani Thika wala Ruiru. Kinachotakiwa ni uangalifu, kwani mzee naye anastahili mizani ya haki.