Mafunzo ya waongozanjia wa ndege za kivita, Afrika Mashariki

Mwongozanjia ndiye anayempa rubani uelekeo. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Jeshi la Anga la Uingereza liliwanoa waongozanjia Nakuru na Nanyuki, Kenya, pamoja na marubani na wapiga bunduki wa ndege za Blenheim. Adui alikuwa mbali, lakini usalama haukuwapo. Mahali ndege ilipo palikadiriwa kwa dira, saa, mwendo na upepo. Kosa la digrii 1 huipotosha kilomita 1 hivi katika kila 60, na Nanyuki iko chini ya Mlima Kenya wenye mita 5,199, ambao mara nyingi hujificha mawinguni.

Yaweza kudaiwa kwamba injini mbovu, si ramani, ndizo zilizowaua wanafunzi. Ni kweli kwa sehemu. Ila kwenye mwinuko wa viwanja hivyo, mita zaidi ya 1,800, hewa nyepesi hupunguza nguvu ya injini, na kosa dogo hukosa nafasi ya kusahihishwa.

Mwanza iliionja kasoro ya aina hiyo Machi 1979, katika Vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda: Tupolev Tu-22 ya Libya, mshirika wa Uganda, ilikosa shabaha mjini, mabomu yakaua swala katika kisiwa cha Saanane. Tukio moja halitoshi kuhukumu mafunzo ya Walibya, hasa kwa kuwa katika Tu-22, kama katika Blenheim, mwongozanjia ndiye pia mlenga mabomu, hivyo kosa laweza kuwa la kulenga, si la njia.