Muziki wa dansi Kibaha na Kisarawe

Muziki wa dansi ni muziki wa bendi kubwa za magitaa, tumba na ala za kupuliza. Katika Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, historia yake ina pande mbili: jiji jirani la Dar es Salaam, muziki huo ulikopigwa na kurekodiwa, na ngoma za Wazaramo, wenyeji wa eneo hilo.

Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, siku ambazo Duke Ellington na wenzake walikuwa wakiujenga muziki wa swing huko Marekani. Katika swing, safu ya tarumbeta huitikiana na safu ya saksafoni. Bendi za Tanzania zilikuwa na wapulizaji wachache, hivyo sehemu kubwa ya kuitikiana ikabebwa na magitaa. Wapulizaji husubiri mwimbaji amalize kauli, kisha huingia kwa pamoja, kwa kifupi, na kunyamaza. Wimbo ukifika kwenye chemko, sehemu yake ya kasi ya kuchezwa, ndipo huachiwa nafasi. Joseph Lusungu kwenye tarumbeta na Mnenge Ramadhani kwenye saksafoni, wapulizaji wa Juwata Jazz, wanastahili kusikilizwa kwa makini kama anavyosikilizwa mpulizaji yeyote wa Marekani.

Mtu wa Kisarawe aliyeacha alama kubwa kuliko wote ni Muhidin Maalim Gurumo, aliyezaliwa kijiji cha Masaki mwaka 1940. Alijiunga na NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi (ndiyo Juwata Jazz ya baadaye), ilipoanzishwa mwaka 1964. Mwaka 1978 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Mlimani Park Orchestra, pamoja na Michael Enoch aliyetoka Dar es Salaam Jazz. Mwaka 1985 alihamia Orchestra Safari Sound, na baadaye akarejea bendi yake ya awali, iliyokuja kuitwa Msondo Ngoma. Sauti yake ni nzito, haina haraka. Hutamka kila neno likasikika hata tarumbeta zikiwa juu. Alistaafu mwaka 2013, akafariki Aprili 2014 na kuzikwa Masaki.

Mitindo ya NUTA na Mlimani Park, yaani Msondo na Sikinde, ina majina ya ngoma za Pwani. Msikilizaji wa Uzaramo alipoyasikia redioni alikuwa anasikia jambo la kwao, na ushabiki wa bendi hizo mbili ulikuwa mkali kama wa Simba na Yanga.

Rekodi nyingi zilifanyika katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi nzima ilipiga kwa wakati mmoja, sauti zikaingia kwenye mkanda. Mpulizaji mmoja akikosea, wimbo ulianza upya. Ndiyo maana katika rekodi hizo mtu husikia wanamuziki wakisikilizana. Nchini hakukuwa na kiwanda cha santuri, hivyo zilizotolewa kwa santuri zilifyatuliwa Nairobi, na nyimbo nyingi zilibaki kwenye mikanda ya redio. Msikilizaji wa Mlandizi, Kibaha, au Maneromango, Kisarawe, alizipata hewani tu, na leo huzipata katika vipindi vya zilipendwa.

Anayeanza kusikiliza atafute albamu ya Mlimani Park iitwayo Sikinde, iliyotolewa Marekani mwaka 1994 kutokana na rekodi za redio. Asikilize mara ya kwanza kwa ajili ya maneno, na mara ya pili aufuate mstari wa besi peke yake.