Umaarufu wa Askari John Akii-Bua

Askari anayelinda mpaka katika mwambao wa Ziwa Mweru, kule Chienge au Nchelenge, akiulizwa juu ya mbio za mita 400 za kuruka viunzi, bila shaka atamtaja Mzambia mwenzake, Samuel Matete, aliyetwaa ubingwa wa dunia mjini Tokyo mwaka 1991. Jibu hilo ni sahihi. Lakini njia hiyo ilikuwa imekwisha fyekwa miaka 19 kabla yake, na aliyeifyeka alikuwa polisi wa Uganda, John Akii-Bua.

Tarehe 2 Septemba, 1972, katika Michezo ya Olimpiki mjini Munich, Akii-Bua alipangwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa yenye kona kali, ambayo wakimbiaji wengi huichukia. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwamo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa mwaka 1968 aliyekuwa na rekodi ya dunia ya sekunde 48.12. Akii-Bua alimaliza kwa sekunde 47.82. Kabla ya siku hiyo hakuna binadamu aliyepata kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48, wala Uganda haikuwa imepata medali ya dhahabu ya Olimpiki. Hemery akawa wa tatu.

Aliporudi nyumbani, dikteta Idi Amin alimzawadia nyumba, na barabara moja ya Kampala ikapewa jina lake. Zawadi hizo zilikuwa na uchungu wake. Akii-Bua alikuwa mtu wa Lango, na wakati ule ule askari wengi wa Lango na Acholi walikuwa wakiuawa na utawala uliompamba yeye. Medali ikawa ngao yake, lakini pia ikamfanya pambo la muuaji.

Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika ziliisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imecheza na makaburu. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Ila gharama yake ililipwa na wanariadha, na Akii-Bua, akiwa na umri wa miaka 26, hakupata nafasi ya kutetea ubingwa wake.

Amin alipoanguka mwaka 1979, fadhila zile zile zikageuka kuwa shaka. Bingwa akakimbilia Kenya na familia yake, akajikuta katika kambi ya wakimbizi kama mtu yeyote. Huko jina lake likamwokoa: alitambuliwa, na kampuni ya viatu vya michezo ikamchukua Ujerumani Magharibi kufanya kazi.

Katika miaka ya 1980 alirejea Uganda na kuwafundisha riadha polisi wenzake. Alifariki Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 47, akazikwa kwa heshima za taifa. Dhahabu ya pili ya Olimpiki Uganda iliipata mwaka 2012 mjini London, katika marathoni, kwa miguu ya Stephen Kiprotich, askari magereza.