Jina na Tarehe: Sherehe na Maua katika Uwanda wa Đồng Văn

Atafitiye historia ya sherehe hana budi kuuliza maswali mawili: ni nani aliyeipa jina, na ni nani aliyeipangia tarehe? Makala haya yanakusudia kuyajaribu maswali hayo katika uwanda wa juu wa Đồng Văn, kaskazini mwa Vietnam, mpakani na China. Eneo hilo lilikuwa la mkoa wa Hà Giang hadi tarehe 1 Julai 2025, mkoa huo ulipounganishwa na Tuyên Quang. Wakaazi wake wengi ni Wahmong, walio wachache katika taifa zima.

Nchi hiyo ni ya mawe ya chokaa. Mkulima hubeba udongo kwa kikapu, akaujaza katika mianya ya majabali, akapanda mahindi, ambayo ndiyo chakula chake kikuu. Mahindi yakisha kuvunwa hupandwa nafaka nyingine ikomaayo upesi. Maua yake, meupe kisha ya waridi, hufunika miteremko mnamo Oktoba na Novemba. Nafaka hiyo ilikuwa kinga ya miezi ya njaa. Aliyeipanda alitazamia punje, wala si ua.

Tuanze na jina. Mmea huo wajulikana Vietnam kote kwa jina la tam giác mạch, yaani nafaka ya pembetatu, kwa kufuata umbo la punje yake. Jina hilo ni la Kivietnam, na mashina yake yametoka Kichina. Kihmong, lugha ya ukoo mwingine kabisa, hakikuchangia hata silabi moja.

Tarehe nayo yatufunza zaidi. Katika Gầu Tào, aila iliyoweka nadhiri kwa ajili ya mtoto au afya husimamisha mwanzi mrefu baada ya mwaka mpya, ikaalika majirani. Soko la Khâu Vai, ambako wapenzi wa zamani waliotenganishwa na ndoa hukutana tena, hufanyika tarehe 27 ya mwezi wa tatu wa kalenda ya mwandamo. Tamasha la maua, kinyume cha hayo, lilianzishwa na serikali ya mkoa mwaka 2015, miaka 5 baada ya UNESCO kuutambua uwanda huo kwa miamba yake. Tangu hapo yako mashamba yapandwayo ili yachanue wageni wafikapo, na wenyewe hutoza ada ndogo kwa wapiga picha.

Hatusemi kwamba ada hiyo ni aibu. Fedha nayo hununua chakula. Tusemalo ni kwamba sherehe ya mwaka 2015 ikiitwa mila ya kale, historia ya njaa iliyoufanya mmea huo upandwe hufutika, na pamoja nayo maneno ya Kihmong ya kupanda, kupalilia na kusaga. Maneno hayo yamo vinywani mwa wazee. Yafaa yakusanywe kabla ya picha za maua kuwa ushahidi pekee uliobaki.