Uhai wa Mtoto Ambaye Hajazaliwa: Mafundisho ya Wakristo na Historia ya Bagamoyo

Mji wa Bagamoyo na vijiji vilivyo jirani yake, kama Kaole na Makurunge, hutajwa sana katika historia kwa habari za misafara, pembe za ndovu na watumwa. Lakini pwani hiyo yatufundisha jambo jingine pia, nalo ni jinsi watu wa dini walivyoupima uhai wa mtoto, hata yule aliyemo bado tumboni. Swali hilo si la mapadre na mashehe peke yao. Lamhusu mwalimu anayetambua kwamba mwanafunzi wake ana mimba. Tena lamhusu zaidi mwanafunzi mwenyewe, ambaye kwa hofu aweza kunywa dawa ya siri ikamwua.

Kabla ya wamisionari kufika, watu wa pwani walikuwa na mila na sheria zao. Mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliitwa kigego, akadhaniwa kuwa ana kisirani. Kamusi za zamani za Kiswahili zaeleza kwamba watoto wa namna hiyo mara nyingi waliuawa. Uislamu ulikataza kabisa kuua mtoto aliyezaliwa. Juu ya mimba, wanazuoni wake walihitilafiana, wengi wao wakitaja siku ya 120 kuwa ndipo roho inapopulizwa.

Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walivuka kutoka Unguja wakajenga misheni Bagamoyo. Mafundisho waliyoyaleta yalikuwa ya kale sana. Didake, kitabu cha Wakristo wa kwanza kinachokadiriwa kuandikwa karibu na mwisho wa karne ya kwanza, chakataza kuharibu mimba na kuua mtoto mchanga, mambo hayo mawili yakitajwa pamoja. Katika dola ya Warumi, baba aliweza kuagiza mtoto asiyetakiwa akatupwe. Wakristo walipokataa kutoa mimba, walikataa na kutupa watoto.

Hata hivyo, yafaa ieleweke kwamba katazo hilo lina historia yake. Kutoa mimba kulihesabiwa kuwa dhambi siku zote, lakini uzito wa adhabu haukuwa mmoja. Mwaka 314 maaskofu waliokutana Ankira, ambayo leo ni Ankara ya Uturuki, walipunguza adhabu ya mwanamke aliyetoa mimba: badala ya kutengwa na Kanisa hadi kufa, atubu kwa miaka 10. Katika karne ya 13, Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akifuata elimu ya Aristotle, alifundisha kwamba roho ya kibinadamu haiingii siku ile ile mimba inapotungwa, bali mwili unapokwisha kupata umbo. Kwa ajili hiyo sheria ya Kanisa kwa muda mrefu ilitofautisha mimba changa na mimba iliyokua, ingawa zote mbili ilikuwa haramu kuziharibu. Ni Papa Pio wa Tisa aliyeiondoa tofauti hiyo katika adhabu, mwaka 1869, yaani mwaka mmoja tu baada ya misheni ya Bagamoyo kuanzishwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao ulitamka mwaka 1965 kwamba uhai hauna budi kulindwa tangu mimba inapotungwa.

Wakristo wengine hawakufuata njia ile ile katika kila jambo. Maaskofu wa Kianglikana, katika mkutano wao wa Lambeth wa mwaka 1930, waliruhusu kwa masharti njia za kupanga uzazi, huku wakilaani kutoa mimba. Waprotestanti wengi hukubali kwamba mimba yaweza kuondolewa pale uhai wa mama unapokuwa hatarini. Wakatoliki hawaruhusu kumwua mtoto kwa kusudi. Lakini hukubali mama apewe matibabu anayoyahitaji, hata kama mtoto atapotea bila kukusudiwa.

Basi, ni nini kilichoyapa mafundisho hayo nguvu Bagamoyo? Si maneno ya mimbarini peke yake. Misheni iliwakomboa watoto kutoka utumwani, ikawalisha, ikawasomesha, ikawafundisha useremala na kilimo. Masista wakawalea wasichana. Malezi hayo hayakukosa dosari, kwani watoto walifanya kazi nyingi mashambani na waliishi chini ya amri kali. Lakini aliyesema kwamba mtoto asiuawe alikuwa tayari kumpokea.

Kipimo hicho chafaa hata sasa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, yenye asili katika utawala wa Kiingereza, yatoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, na hadi miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe; daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama hulindwa na kifungu cha 230. Lakini sheria ya shule nayo ilikuwa na sauti yake. Kwa miaka mingi msichana mwenye mimba alifukuzwa, na mwezi Juni 2017 Rais John Magufuli, akiwa katika ziara ya Mkoa wa Pwani, alisisitiza kwamba akisha kuzaa asirudi. Utaratibu huo ulibadilishwa mwezi Novemba 2021, na wasichana wakaruhusiwa kurejea masomoni.

Hapa ndipo historia inapotudai jibu. Jamii imwambiayo msichana kwamba mimba yake ni uhai mtakatifu, kisha ikamfungia mlango wa shule na wa nyumba, yamsukuma gizani kwa mikono yake yenyewe. Wakristo wa kwanza hawakutenga kulinda mimba na kulinda mtoto aliyezaliwa. Anayetaka kushika nusu ya kwanza ya fundisho hilo hana budi kubeba na nusu ya pili, kwani hiyo ndiyo yenye gharama.