Maji Yalale Kwanza: Historia Fupi ya Mashine ya Presha, Kutoka Musoma Hadi Butiama

Nimekuwa kimya kidogo, kazi za chumba cha habari zimenibana. Leo naomba tuiweke siasa kando. Nataka kuandika historia ya kifaa ambacho vitabu vyetu vya historia havikipi hata mstari mmoja: mashine ya presha, ile ndogo ya umeme ya kuoshea pikipiki na magari. Najua kuna mtakaosema mwandishi kaishiwa. Subirini kidogo. Ndani ya kimashine hiki kuna ziwa, kuna ugonjwa, na kuna ahadi ambayo serikali iliwapa bibi zetu.

Nianzie nyumbani. Musoma ni mji uliokaa kwenye rasi, ukienda huku ziwa, ukienda kule ziwa. Tulipokuwa wadogo, kuosha kitu chochote kikubwa maana yake ilikuwa kwenda ziwani. Baba alikuwa na pikipiki kuukuu. Kila Jumamosi mimi na mdogo wangu tuliisukuma hadi ufukweni, tukaiingiza majini mpaka ekseli, nasi tukazama hadi magotini. Sabuni ya unga, tambara, kelele. Tukimaliza tunaogelea. Hakuna aliyetukataza, kwa sababu wakubwa nao walikuwa pale pale na baiskeli zao, nguo zao na vyombo vyao.

Mdogo wangu alipomaliza kidato cha nne mwaka 2017, matokeo hayakuwa mazuri, akaingia kwenye bodaboda. Siku ambazo hakuwa na pikipiki ya kuendesha, aliosha za wenzake ziwani. Baadaye tumbo likaanza kumsumbua. Akakonda, akaanza kuona damu chooni, na kwa aibu akanyamaza kwa miezi. Alipopelekwa kupimwa, jibu likawa kichocho cha tumbo. Akapewa vidonge vya prazikwanteli, akapona, akarudi ziwani. Mwaka uliofuata akaumwa tena. Nakumbuka muuguzi alivyomwambia, tena kwa upole: "Mwanangu, dawa inaua minyoo iliyomo mwilini. Haikujengei ukuta. Ukirudi majini, na wao wanarudi."

Unajua kichocho kinavyoingia? Yai la minyoo hutoka na kinyesi cha mgonjwa, likifika majini linaangua kiluwiluwi, nacho kinaingia ndani ya konokono. Kikishakua humo hutoka kwa maelfu kama vijidudu vyenye mkia visivyoonekana kwa macho, vikitafuta ngozi ya mtu. Havihitaji jeraha. Dakika chache za kusimama majini zinatosha. Kwa hiyo mtu anayeosha pikipiki tano kwa siku akiwa amezama hadi magotini ni kama ameufungulia mlango ugonjwa huo mara tano.

Na hili si la familia yetu peke yake. Ng'ambo ya mpaka, Kisumu, waosha magari wa ziwani wameingia hata kwenye historia ya tiba. Tangu miaka ya 1990, watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na wenzao wa Marekani waliwafuatilia vijana waliokuwa wakiosha magari ndani ya maji ya Ziwa Victoria. Waliwapima, wakawatibu, na kila walipoambukizwa tena wakawatibu tena. Mwaka 2002 matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet. Baada ya kutibiwa mara nyingi, miili ya baadhi yao ilianza kuwa na kinga. Wengine waliendelea kuambukizwa kila mara. Wanasayansi walijifunza mengi kuhusu kinga ya mwili kutokana na vijana hao. Niliposoma habari hiyo nikiwa chuoni nilimwona mdogo wangu mle ndani, ila yeye hakuna aliyekuwa akimfuatilia.

Sasa swali la kihistoria: kwa nini watu waoshe vitu ziwani? Jibu rahisi ni kwamba maji yako huko. Mwaka 1971, miaka minne baada ya Azimio la Arusha, serikali ya Mwalimu Nyerere ilizindua mpango wa maji vijijini wa miaka 20. Lengo lilikuwa kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka kwake. Yalikuwa maji ya bure, serikali ikibeba gharama. Pampu zilifungwa, mabomba yakalazwa. Halafu ikaja miaka ya shida: vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta, upungufu wa fedha za kigeni. Pampu za dizeli zikakosa dizeli na vipuri. Mwaka 1991 ulifika na kupita, na Sera ya Maji ya 2002 ikaja na lugha nyingine, ya wananchi kuchangia gharama.

Bibi yangu mzaa mama yuko Butiama, wilaya alikotoka Mwalimu mwenyewe. Ahadi ya mita 400 anaikumbuka vizuri kuliko mimi niliyeisoma darasani. Ujana wake wote alibeba ndoo kichwani, na uzeeni akaendelea. Februari 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuja Mara na kuweka jiwe la msingi la mradi mkubwa wa maji wa Mugango, Kiabakari na Butiama, unaovuta maji kutoka ziwani, Bibi alinipigia simu kunipa taarifa kama vile mimi si mwandishi wa habari. Ilikuwa imepita miaka 51 tangu ahadi ile ya 1971.

Wakati sisi tunahangaika na ndoo, wenzetu walikuwa wanahangaika na jinsi ya kuyapa maji nguvu. Katika miaka ya 1920 huko Pennsylvania, Marekani, Frank Ofeldt alitengeneza mashine ya kusafishia kwa mvuke. Ujerumani, Alfred Kärcher alianzisha kampuni yake mwaka 1935, na mwaka 1950 akatoa mashine ya kuosha kwa maji ya moto yenye presha kubwa, ya kwanza ya aina yake Ulaya. Alifariki mwaka 1959 na kampuni ikaongozwa na mjane wake, Irene. Ni chini ya mama huyo ndipo mwaka 1984 ilipotoka mashine ndogo ya kubebeka, kwa ajili ya mtu wa kawaida nyumbani kwake. Hizi za bei nafuu zinazouzwa Kariakoo, Mwanza na Musoma leo, nyingi zikitoka China, ni wajukuu wa mashine ile.

Lakini mashine ya nyumbani ina masharti mawili: maji nyumbani na umeme nyumbani. La umeme nalo lina historia yake. Sheria ya Nishati Vijijini ilipita mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, akaanza kazi 2007. Mnakumbuka umeme wa elfu 27? Kwa Bibi ulifika 2019. Kabla ya hapo, mashine ya presha Butiama ingekuwa pambo la sebuleni.

Haya, sasa kununua. Mwaka 2022 nilichukua sehemu ya mshahara wangu, nikanunua mashine ya bei rahisi kuliko zote dukani, nikampelekea mdogo wangu. Alikuwa amehamia Bunda, kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Sirari, kwenye malori, mabasi na vumbi, biashara nzuri kwa mwosha pikipiki. Nilimwambia, "Ziwani basi." Akakubali. Nilijiona mkombozi.

Mashine haikumaliza miezi mitatu.

Tuliipeleka kwa fundi mmoja mzee pale Bunda. Akaifungua, akapanga vipande juu ya gunia, akanitazama mimi badala ya mdogo wangu. "Mwandishi, hii haikufa. Mmeiua." Akaonyesha sili za pampu zilizoliwa na mchanga: maji yalikuwa ya kununua kwenye madumu, mengine ya lambo, yakiingia moja kwa moja bila chujio. Akaonyesha kaboni za mota zilizoungua: waya wa kuunganishia ulikuwa mwembamba kama uzi na mrefu mita nyingi, na nusu yake ukiwa bado umeviringishwa. Umeme ukifika kwenye mota ulikuwa umeshachoka, mota ikavuta zaidi na kupata moto. Na akatuuliza, "Maji yakiisha kwenye ndoo, mlikuwa mnazima?" Mdogo wangu akaangalia chini.

Mdogo wangu akarudi Musoma. Akarudi ziwani. Hiyo ndiyo gharama ya ujinga wangu, na siwezi kuiandika kwa shilingi.

Mwaka 2023 tulinunua ya pili, safari hii tukiwa na fundi. Niwape alichotufundisha, maana hakuna anayesoma kile kijitabu cha kwenye boksi. Usidanganyike na namba kubwa ya presha iliyobandikwa. Uliza kwanza kama vipuri vyake vinapatikana mjini kwenu: sili, kaboni, mpira, bastola. Uliza kama inaweza kuvuta maji yenyewe kutoka kwenye ndoo au pipa, kwa sababu zipo zinazotaka bomba lenye msukumo tu, na bomba zetu mnazijua. Angalia kama ina chujio kwenye mdomo wa kuingizia maji. Iwashiwe dukani mbele yako, ukiachia bastola mota inyamaze yenyewe.

Nyumbani, jaza maji kwanza. Bonyeza bastola yatiririke bila presha mpaka hewa yote itoke, ndipo uwashe. Isifanye kazi kavu hata kwa dakika moja. Waya uwe mnene, mfupi iwezekanavyo, ukunjuliwe wote, na maungio yake yakae mbali na maji. Umeme ukiwa mdogo, taa zikififia, zima, kazi ingoje. Ukimaliza, zima, funga maji, kisha bonyeza bastola kutoa presha iliyobaki ndani. Safisha chujio kila siku. Na kamwe usimwelekezee mtu, hata kwa utani, maji yale yanapasua ngozi. Kwenye pikipiki kaa mbali na bearingi, cheni na waya.

Lakini somo kubwa lilikuwa la pipa. Fundi alisema maji ya lambo au ya ziwa yalale kwenye pipa kwanza, mchanga utue chini, uvute ya juu. Mdogo wangu alipokwenda kupima tena kichocho, muuguzi akamwambia jambo lile lile kwa sababu nyingine: vijidudu vile vikitoka kwenye konokono haviishi muda mrefu. Maji yasiyo na konokono yakikaa kwenye chombo kilichofunikwa kwa siku mbili, vinakufa vyenyewe. Bila hivyo, unaweza kuyavuta ziwani na kujirushia vijidudu mwilini kwa mashine. Fundi anaokoa pampu, muuguzi anaokoa maini, na dawa ni moja: maji yalale kwanza. Tangu hapo mdogo wangu ana mapipa matatu kwa zamu. Mwishoni mwa 2023, mgao wa umeme ulipopamba moto, mapipa yalikaa yamejaa siku nyingi tu! Vipimo vyake vya mwisho vilikuwa safi.

Krismasi iliyofuata tuliibeba hadi Butiama. Tukaosha pikipiki ya mjomba uani, huku Bibi ameketi kwenye kigoda. Akauliza swali moja: "Mjukuu wangu, inakula ndoo ngapi?" Tukapiga hesabu. Mashine yetu inatoa kama lita 6 kwa dakika, na bastola ilikuwa wazi kama dakika tano. Lita 30, ndoo moja na nusu. Akatikisa kichwa. "Ndoo moja na nusu nilikuwa naifuata asubuhi nzima." Hakusema zaidi. Mdogo wangu alizima mashine, akamalizia kwa tambara.

Sitaki kuwadanganya kwamba mashine imelimaliza tatizo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Vijana wa ufukweni wanaijua kwa kukimbizwa tu. Na ukioshea uani Musoma, grisi na sabuni vikaingia mtaroni, vitafika ziwani vile vile, vimechelewa kidogo tu. Mdogo wangu sasa ameweka shimo la mchanga na kokoto la kuyachuja maji machafu. Si kubwa, lakini ni mwanzo.

Ninachosema ni kwamba mashine ndogo hii haina muujiza. Inahitaji maji safi, umeme wa kutosha na mtu aliyeelekezwa. Ndivyo vitu vile vile ambavyo Bibi aliambiwa avisubiri. Kwa hiyo ukinunua yako, nunua na pipa. Na ukipita ufukweni ukamwona kijana amezama hadi magotini akiosha pikipiki, usimcheke. Mwulize kwanza kama ameshapima.

Naishia hapa. Tukijaaliwa, tutaonana tena.