Kikapu cha Pili: Historia Fupi ya Huduma kwa Wahitaji na Nafasi ya Kwaya Yetu



Wapendwa waumini, wanakwaya wa zamani na wa sasa, karibuni katika Jubilei yetu. Katika kijitabu hiki mtasoma kuhusu walimu wetu wa nyimbo, sare zetu na safari zetu. Sisi tulioandika kurasa hizi tuliombwa tueleze jambo ambalo halina picha hata moja: kikapu cha pili, yaani mchango ambao kwaya na waumini wamekuwa wakiutoa kwa ajili ya watu na familia zilizopungukiwa. Tumeona tuanze mbali kidogo, kwa sababu kikapu hicho hakikuanzia kwetu, na hata makosa tuliyoyafanya, hatukuwa wa kwanza kuyafanya.

Neno lenyewe, jubilei, lina uhusiano wa karibu na kikapu hicho. Katika sura ya 25 ya Kitabu cha Walawi, baragumu lilipigwa katika mwaka wa 50. Aliyekuwa ameuza shamba la baba zake kwa sababu ya ufukara alirudishiwa. Aliyekuwa amejiuza awe mtumishi alirudi kwa jamaa yake akiwa huru. Sura hiyohiyo inaagiza kwamba ndugu akiwa maskini ategemezwe, na akikopeshwa fedha asitozwe riba. Basi hatuwezi kukata keki ya miaka 50 bila kuulizana ni nani kati yetu amefungwa na deni.

Kanisa la Mwanzo

Katika sura ya 6 ya Matendo ya Mitume tunasoma kuhusu manung'uniko. Wajane waliosema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwaambia walalamikaji wanyamaze. Walisema wachaguliwe watu saba wenye sifa njema waisimamie kazi hiyo. Ukiyaangalia majina ya wale saba, kuanzia Stefano na Filipo, yote ni ya Kigiriki. Inaonekana waliokabidhiwa mgawo walitoka upande uleule uliokuwa umenung'unika. Tangu siku zile Kanisa lilijua kwamba upendo peke yake hautoshi. Lazima kuwe na utaratibu, na lazima anayeumia asikilizwe.

Mtakatifu Paulo alikuwa mwangalifu hivyohivyo. Alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, aliwaambia Wakorintho kila mtu aweke akiba nyumbani siku ya kwanza ya juma, kwa kadiri alivyofanikiwa. Katika waraka wa pili anaeleza kwamba fedha hizo zitasafirishwa pamoja na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili asipatikane mtu wa kuwalaumu. Paulo, pamoja na utume wake wote, hakutaka kubeba mfuko wa fedha peke yake.

Katikati ya karne ya 2, Mtakatifu Yustino, aliyefundisha mjini Roma, aliandika jinsi Wakristo walivyoadhimisha Jumapili. Baada ya kueleza masomo, mahubiri na Ekaristi, anasema wenye uwezo walitoa kwa hiari yao. Kilichotolewa kiliwekwa kwa kiongozi wa ibada, naye akawasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Miaka 40 hivi baadaye, Tertuliano wa Karthago, Mwafrika wa Kaskazini, alieleza jambo hilohilo: mara moja kwa mwezi kila mtu huleta sarafu kidogo, akitaka na akiweza, bila kulazimishwa. Sarafu hizo zililisha maskini na kuwazika, zikatunza watoto wasio na wazazi, wazee, na watu waliopoteza mali kwa kuvunjikiwa na merikebu. Tunaposimama kwenye matanga tukiwa na daftari la mchango, tunafanya kazi ya zamani sana katika bara hili.

Kijiji cha Châtillon

Habari iliyotugusa kuliko zote inatoka Ufaransa, mwaka 1617. Padre Vincent de Paul alikuwa paroko mpya katika mji mdogo wa Châtillon. Jumapili moja ya mwezi wa Agosti, akijiandaa kwa Misa, aliletewa habari kwamba katika nyumba moja nje ya mji watu wote ni wagonjwa na hakuna wa kuwahudumia. Katika mahubiri aliwaeleza waumini. Mchana huo alipokwenda kuitembelea familia hiyo, alikuta njia imejaa wanawake, wengine wanakwenda, wengine wanarudi, wote wamebeba chakula.

Padre Vincent alifurahi, lakini pia aliona tatizo. Siku hiyo chakula kilikuwa kingi mno, kingine kingeharibika, na baada ya siku chache familia ile ingerudia njaa yake. Upendo ulikuwepo, kilichokosekana ni mpango. Katika siku zilezile aliwakusanya wanawake wachache wakakubaliana kuhudumu kwa zamu, na kufikia Desemba mwaka huo chama chao kilikuwa na kanuni zilizoandikwa.

Kanuni hizo si za fedha tu. Zinaeleza jinsi ya kuingia katika nyumba ya mgonjwa: msalimie kwa uchangamfu, mtayarishie mahali pa kulia kitandani, mnawishe mikono, sali naye, mhimize ale. Kisha kuna agizo moja ambalo tumelirudia mara nyingi katika mikutano yetu. Anayehudumu aanze na wagonjwa wenye watu wa kukaa nao, na amalizie kwa yule aliye peke yake, ili apate kukaa naye muda mrefu zaidi. Mtu aliyeandika hivyo alijua kwamba sahani ya chakula ni nusu ya msaada.

Mwaka 1833, mjini Paris, wanafunzi wachache wa chuo kikuu, akiwemo Frédéric Ozanam aliyekuwa na umri wa miaka 20, walianzisha chama kwa jina la mtakatifu huyo. Walikuwa wameulizwa katika mijadala yao Kanisa linafanya nini leo kwa ajili ya maskini. Walimwendea Sista Rosalie Rendu, aliyefahamu vizuri mitaa ya maskini, naye akawaonyesha milango ya kubisha. Hawakuwaita maskini waje kupanga foleni. Walikwenda nyumbani kwao. Chama hicho kimeenea dunia nzima, na Kenya kimo parokiani hadi leo.

Kikapu Kilipofika Kwetu

Hapa kwetu huduma hii ilikuta watu wanaojua kusaidiana. Wazee wetu walilima shamba la mgonjwa kwa zamu na kujenga nyumba ya mjane kwa siku moja. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, Mzee Jomo Kenyatta alilifanya neno harambee kuwa wito wa taifa, na kwa nguvu hiyo zikajengwa shule, zahanati na makanisa mengi. Katika miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki walitilia mkazo jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Hapo msaada ukapata macho, kwa maana jumuiya hukutana nyumbani, na nyumbani ndipo sufuria tupu huonekana.

Kwaya yetu ilizaliwa katika mazingira hayo. Tangu mwanzo tuliimba kwenye harambee, na tangu mwanzo tulikuwa na mkebe wetu wa mazoezi. Ulianza kwa ajili ya betri za redio ya kujifunzia nyimbo. Halafu mwenzetu mmoja wa besi alifiwa, mkebe ukafunguliwa, na tangu siku hiyo haukurudia kazi ya betri. Umelipa nauli za kwenda hospitali na karo za watoto. Umenunua unga, mafuta na sabuni, na umefungua mlango ambao mwenye nyumba alikuwa ameutia kufuli.

Lakini harambee ilitufundisha pia tabia moja ambayo hatukuichunguza. Tulizoea kwamba anayetoa husomwa jina lake, na anayepokea husimama mbele.

Jumapili Tunayoikumbuka

Katika miaka ya 1990, mama mmoja wa alto alipatwa na shida. Mumewe alikuwa ameachishwa kazi, kodi ya nyumba ilikuwa imechelewa miezi kadhaa, na watoto walikuwa wamefukuzwa shule kwa ajili ya karo. Alimweleza siri hiyo mmoja wetu. Huyo akatueleza sisi viongozi, na sisi, kwa nia njema, tukaipeleka kwenye matangazo. Baada ya komunyo tulimwita asimame mbele ya altare, amevaa sare ya kwaya. Tulieleza shida yake kwa kipaza sauti. Kikapu kilipita, kwaya ikaimba, na waumini walitoa kwa moyo. Tulipomaliza kuhesabu tulipigiwa makofi.

Jumapili iliyofuata hakuja. Jumatano, siku ya mazoezi, mtoto wake alileta mfuko. Ndani mlikuwa na sare, imefuliwa na kupigwa pasi, na daftari lake la nyimbo. Baadaye tulisikia anasali parokia nyingine. Wengine wetu tulisema hana shukrani. Tunaliandika neno hilo hapa kwa sababu tulilisema.

Miaka mingi ilipita. Tulipokuwa tunamzika mwanakwaya mmoja wa kundi la kwanza, tulisikia alto kutoka viti vya nyuma, sauti tuliyoifahamu. Baada ya mazishi tulimwendea, naye alituamkua vizuri. Tulipomwomba msamaha alituambia, "Chakula chenu tulikula, na kodi ililipwa. Sikukataa kusaidiwa. Lakini shuleni wanangu waliitwa watoto wa kikapu mpaka walipohama."

Tulirudi nyumbani kimya. Sisi hatukufanya hata kosa dogo la Châtillon la kupeleka chakula kingi kwa siku moja. Tulifanya kubwa zaidi. Wanawake wa Châtillon walikwenda nyumbani kwa mgonjwa. Sisi tulimtoa mgonjwa nyumbani tukamleta mbele ya watu. Yesu alifundisha katika Mathayo sura ya 6 kwamba tusipige tarumbeta tunapotoa sadaka, nasi tulikuwa tumetumia kwaya nzima badala ya tarumbeta.

Mama huyo ameturuhusu tuandike habari hii, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Tumetii.

Tulivyojifunza

Tangu hapo tulibadilisha utaratibu, na mnapaswa kuufahamu kwa sababu fedha ni zenu. Shida ya mtu hujulikana na watu watatu tu, mmoja wao akitoka katika jumuiya yake. Wawili humtembelea nyumbani, na hawaendi wakiwa wamevaa sare. Humsikiliza kwanza, kisha humuuliza yeye mwenyewe ni jambo gani la kuanza nalo. Mara nyingi jibu lake si lile tulilodhani.

Simu zimetusaidia sana. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, msaada unaweza kumfikia mtu akiwa jikoni kwake, akalipa deni lake kwa mkono wake mwenyewe. Lakini simu zimeleta pia harambee mpya. Katika makundi ya WhatsApp, orodha ya majina na kiasi alichotoa kila mmoja huzunguka kutwa, na juu yake picha ya mgonjwa akiwa kitandani. Sisi tumekubaliana kutotuma picha ya mhitaji, na orodha zetu hazionyeshi nani ametoa kidogo.

Wapo waliotuuliza, kwa haki kabisa, tutajuaje fedha hazikuliwa ikiwa kila kitu ni siri? Hapo tunarudi kwa Paulo na wale ndugu waliochaguliwa. Mweka hazina hasomi majina, lakini husoma hesabu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na kwa shughuli gani. Vitabu hukaguliwa na watu wawili wasio wanakwaya. Siri ni ya mhitaji. Hesabu ni ya waumini wote.

Utaratibu huu ulijaribiwa mwaka 2020. Makanisa yalipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona, mazoezi yalisimama, vibarua viliisha, na hata wale waliokuwa wakichangia sikuzote wakawa wahitaji. Hakukuwa na altare ya kumsimamisha mtu mbele yake. Tuligawana orodha ya wanakwaya wote tukapigiana simu, kila mtu, mwenye nacho na asiye nacho, ili asiyekuwa nacho asijulikane kwa kupigiwa. Baadhi ya waliopokea wakati ule ndio wanaochangia zaidi leo, na hakuna anayewajua.

Ndugu zetu, kwaya ina kipawa kimoja katika huduma hii. Sisi husikia sauti inapokosekana. Mwalimu akinyoosha mkono, anajua mara moja kwamba tena imepungua. Tunawaomba vijana mnaopokea kwaya hii mtumie masikio hayo. Mwenzenu akikosa mazoezi mara mbili, msimwandikie faini kwanza. Nendeni mkabishe hodi, na mkimkuta peke yake, mkae naye muda mrefu zaidi.

Leo, wakati wa sadaka ya pili, kikapu kitapita kama kawaida. Hatutasoma jina la mtu. Katika safu ya alto tumeacha kiti kimoja, na mwenyewe anajua ni chake akipenda kukikalia. Asipopenda, tutaimba tukijua kwamba yupo mahali fulani kanisani, na hiyo itatutosha.

Mungu awabariki nyote, na Jubilei njema.